Mume wangu ni mpishi, sasa mdomo wake umekuwa kidonda na hataki kumaliza mionzi

Dada mshauri, salaam.

Mimi ni mama wa miaka 51, mwenyeji wa Tanga. Mume wangu ana miaka 58 na kazi yake ni upishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, akiitwa anakwenda na masufuria yake na vijana wake wanne. Pilau yake inajulikana mpaka mitaa ya mbali, na hajawahi kupima kitu kwa mzani. Anachovya mwiko, anaonja, anasema "bado bizari", na kweli inakuwa bado.

Mwaka huu alianza kuumwa koo upande mmoja, kisha akatoka uvimbe shingoni. Miezi mitatu tulipewa dawa za tonsesi. Mwisho wakakata kinyama, kikaenda maabara, majibu yakarudi kuwa ni saratani ya shina la ulimi. Tambuu na tumbaku yake, aliyotafuna tangu ujana, aliitupa siku hiyohiyo bila kuambiwa na mtu.

Sasa tuko Dar es Salaam, tumefikia kwa wifi yangu. Amepangiwa mionzi mara 35, Jumatatu mpaka Ijumaa, na siku moja kila wiki anatundikiwa dripu ya dawa. Ameshakwenda mara 19. Wiki mbili za mwanzo alikuwa anarudi kwenye daladala anatania makonda. Wiki ya tatu mdomo ukaanza. Leo ukimulika tochi ndani ni wekundu mtupu na mabaka meupe, na mate yamekuwa mazito yanavutika kama bamia, usiku yanamkaba. Anasema kila chakula kina ladha ya msumari. Uji wa ulezi unamtoa machozi. Alikuja na kilo 71, juzi mzani ulisoma 64. Mswaki tumeacha, maana fizi zinatoka damu.

Ametandika mkeka sebuleni, analala huko. Anasema mdomo unanuka na hataki niusikie. Dada, miaka 29 tumelala kitanda kimoja.

Wifi yangu ni mtu mwema, ametupa chumba bure na hajawahi kutunung'unikia. Lakini amemtengea kaka yake kikombe na sahani ili mionzi isiwapate wajukuu. Anamsukutuza maji ya magadi, yale ya mawe ya kuwekea maharage, na anamfuta ule weupe kwa kitambaa chenye chumvi mpaka damu inatoka. Anasema vidonda hivi ni saratani inasambaa, na iliyoifungulia njia ni kung'oa meno. Kwa sababu kabla ya mionzi daktari wa meno alimtoa magego matatu mabovu, tukasubirishwa zaidi ya wiki mbili, nikaudhika kweli. Sasa gego jingine la chini linamuuma. Kuna kijana mtaani hapa anang'oa kwa bei ndogo, wifi ameshaongea naye aje Jumapili.

Alhamisi usiku mume wangu alichukua daftari lake la oda, maana kuongea kunamuuma, akaandika: "Jumatatu siendi. Usimwambie binti." Binti yetu mkubwa yuko Arusha. Ameuza kiwanja chake ili sisi tufike hapa. Anapiga simu kila jioni, namwambia baba amepumzika.

Kliniki wakimuuliza, "Mzee unaendeleaje?" yeye anainua dole gumba. Mimi nasema tunamshukuru Mungu. Sijui kwa nini nasema hivyo.

Nikimlazimisha, namtesa. Nikimwacha, namzika. Nifanye nini?

Mke wa Mpishi


JIBU

Mama mwenzangu, barua yako nimeirusha mbele ya foleni kwa ajili ya hizo siku mbili ulizozitaja, Jumapili ya jino na Jumatatu ya mionzi. Naanza na Jumapili, kwa kuwa hapo sina la kuzungukazunguka.

Naomba yule kijana asiliguse hilo gego. Mfupa wa taya, hasa la chini, ukishapokea mionzi mingi, mishipa yake midogo ya damu hufa polepole. Jino likitolewa hapo, shimo linaweza lisizibe kabisa. Mfupa unabaki wazi, unaoza, unameguka vipande, na hatari hiyo haiishi tiba inapokwisha. Inabaki nae miaka na miaka. Ndiyo maana yale magego matatu yalitolewa kabla, na ndiyo maana mlisubirishwa: fizi zilitakiwa zifunge kwanza ndipo mionzi ianze. Ule ucheleweshaji uliokuudhi ulikuwa ulinzi wa taya lake. Gego la sasa liwe jambo la kwanza kulisema kliniki. Daktari wa meno, akizungumza na daktari wa mionzi, ana njia za kulituliza pasipo kung'oa: dawa, kuziba, au kusafisha mzizi. Na tangu leo mpaka uzee wake, kila daktari wa meno atakayemfungulia mdomo lazima aambiwe kuwa taya hili lilipigwa mionzi.

Sasa turudi kwa Jumatatu. Nilivyokuelewa, mumeo anataka kuacha, amekufunga mdomo usimwambie mtoto aliyeuza kiwanja, na wewe unaona milango miwili tu, kumtesa au kumzika. Nimeirudia barua yako mara tatu nikitafuta alipoandika kwamba amechoka kutibiwa, sikupaona. Ameandika "siendi". Sababu ameacha wazi, na wewe umeijaza kwa hofu yako. Pengine uko sahihi. Pengine pia anachokikataa ni kumeza. Au ni ile meza ya mashine, kulala chali amebanwa na kinyago huku mate yanamkaba, jambo linalowatisha wagonjwa wengi wa kichwa na shingo na wachache husema. Au ni kile kikombe cha peke yake mbele ya wajukuu. Kila moja ya hizi ina jibu lake, na majibu hayafanani.

Halafu kuna lile dole gumba. Sisi tumelelewa hivyo, mtu akiulizwa hali hujibu njema hata kama nyumba inaungua nyuma yake, kisha ndipo aseme "ila". Kliniki yenye foleni haingoji hiyo "ila". Anayeandika kwenye faili anaandika mgonjwa anaendelea vizuri, anaita mwingine. Kwa hiyo watu wenye dawa za mdomo wa mumeo, kwa ninavyoona, hawajaambiwa kuwa mdomo unamuuma. Sikulaumu, mama. Nimefanya kazi wodini na nimewasikia wake wengi wakishukuru hivyohivyo huku wameshika mkoba wenye taulo la damu.

Vidonda vyenyewe havisemi kwamba saratani imesambaa. Mionzi inaua seli zinazozaliana haraka, na ngozi laini ya ndani ya mdomo hujibadilisha kila baada ya wiki moja au mbili hivi, basi nayo inapata kipigo. Kwa kawaida huanza wiki ya pili au ya tatu, hupanda mpaka mwisho wa tiba, kisha hupona ndani ya wiki mbili hadi nne, wengine zaidi kidogo. Tezi za mate nazo zimo njiani, zikiwemo zile kubwa za mbele ya masikio. Ndiyo hiyo bamia uliyoisema. Mate yakipungua, meno hukosa mlinzi, yanaoza upesi kuliko mtu anavyotarajia, na fangasi hupata pa kukaa. Ule weupe unaofutwa kwa kitambaa unaweza kuwa fangasi na unaweza kuwa utando wa kidonda kinachojaribu kupona. Kwa macho ya nyumbani ni vigumu kuvitofautisha. Ikiwa ni fangasi, ipo dawa ya matone na vidonge. Ikiwa ni utando, kuukwangua ni kuanza kidonda upya. Vyovyote vile, kitambaa cha chumvi kipumzike.

Magadi ya mawe nayo ni makali mno kwa nyama mbichi. Wifi yako hakukosea sana, amekosea unga tu. Inayotumika ni ile soda nyeupe laini ya kuumulia keki: robo kijiko cha chai, na chumvi nusu ya hiyo robo, kwenye kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu. Asukutue taratibu, ateme, kisha asuuze kwa maji matupu. Afanye kabla na baada ya kula, kabla ya kulala, na mchana kila baada ya saa mbili hivi akiwa macho. Usiku akiamka kwa kukabwa, tena. Changanya mpya kila siku. Inalegeza yale mate mazito na kuondoa mabaki, na harufu anayoionea haya hupungua. Dawa za dukani za kusukutulia zenye spiriti zitamchoma bure, ziacheni.

Mswaki msiuache, najua inasikika kama ukatili. Fizi zinatoka damu sehemu kwa sababu uchafu umekaa. Nunua mswaki laini kabisa, hata wa mtoto, uchovye brashi kwenye maji ya moto dakika chache ulegee, upoe, apige mswaki polepole baada ya kula na kabla ya kulala. Dawa ya meno iwe yenye floraidi isiyo na mnanaa mkali. Siku ambayo hata hiyo haiwezekani, tumia shashi safi iliyolowa yale maji ya soda, na kesho yake jaribuni mswaki tena. Mswaki wa mti usubiri. Kama ana meno ya bandia, ayavue mpaka vidonda vifunge. Muulizeni daktari wa meno pia juu ya floraidi ya kupaka kila siku, maana kwa mtu aliyekaukiwa mate hiyo huwa kazi ya maisha. Midomo ya nje ipakwe mafuta mepesi. Na kila siku afungue kinywa mpaka anapoweza, mara kadhaa, apime kwa vidole vyake: vitatu vilivyosimama kati ya meno ya juu na ya chini ni vizuri. Vikianza kuingia viwili tu, taya linakaza, na hilo nalo wanatakiwa kulijua mapema.

Asali utaambiwa na watu. Zipo tafiti zilizoona inasaidia kuzuia vidonda hivi, na baadhi ya miongozo ya wataalamu inaitaja, ila tafiti nyingine hazikuona kitu, na sukari yake hukaa kwenye meno yasiyo na mate. Ukitaka kuijaribu, sema kwanza kliniki, na asukutue baada yake.

Maumivu. Hapa ndipo ninaposhika kichwa, kwa sababu mtu anapungua kilo saba na barua yako haikutaja dawa hata moja ya maumivu. Ipo dawa ya ganzi ya maji ya kusukutua kabla ya kula. Zipo za kumeza, na zisipotosha ipo morfini ya maji. Wifi atashtuka akisikia jina hilo; wengi wanaamini hupewa anayeaga dunia. Hutolewa kwa maumivu makali, na kwa wagonjwa wa mionzi ya mdomo mara nyingi ni ya muda, inapunguzwa vidonda vinapofunga. Inafunga choo, hivyo iombwe pamoja na dawa ya kulainisha. Ukipewa, mpe kwa saa, usingoje alie.

Chakula kiwe laini na kisiwe cha moto: mtori uliopondwa, uji wenye maziwa na siagi ya karanga, parachichi, mayai yaliyovurugwa laini, supu iliyopoa. Ndimu, ukwaju na pilipili vikae mbali, hata kama moyo wake wa mpishi unavitaka. Pakitajwa mpira wa kulishia kupitia puani au tumboni, msiuone kama tangazo la kifo. Ni daraja la wiki kadhaa, na hata akiwa nao aendelee kumeza maji kidogo kidogo ili koo lisisahau kazi. Dawa zinazotundikwa sana pamoja na mionzi ya aina hii, sisiplatini ikiwemo, huchosha figo za mtu asiyekunywa maji. Kwa hiyo akishindwa kumeza hata maji, akipata joto la 38, akitokwa damu isiyokata au akipumua kwa shida, msihesabu siku wala miadi, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Nimekaa sana kwenye mdomo, nawe uliuliza juu ya Jumatatu. Lakini sidhani ni maswali mawili. Uamuzi wa mtu ambaye maumivu yake hayajaguswa na uamuzi wa mtu huyohuyo aliyelala usiku mmoja vizuri unaweza kutofautiana. Unaweza pia usitofautiane, na hilo nalo mjiandae nalo.

Anaweza kwenda Jumatatu kwa shabaha tofauti: aingie kwa daktari kabla ya mashine, aonyeshe daftari, mseme yote, kisha aamue hapohapo kama anapanda mezani. Kwenda hospitali hakumlazimishi kupigwa mionzi. Hasara yake ni kwamba anaweza kukutana na mtu mwenye haraka, akajiona hakusikilizwa, akafunga moyo zaidi. Ndiyo maana ningetamani usiende peke yako naye.

Anaweza kuomba mapumziko. Madaktari wenyewe wakati mwingine husimamisha siku chache mdomo ukizidi. Gharama yake ni hii: saratani za kichwa na shingo, baada ya wiki ya nne hivi, seli zilizobaki huanza kuzaliana kwa kasi, hivyo siku zinazokatika hapa zina uzito kuliko katika saratani nyingi. Ndiyo maana zikikatika, hospitali hutafuta namna ya kuzifidia, kwa mfano mara mbili kwa siku moja kwa nafasi ya saa sita au zaidi. Mapumziko yaliyopangwa nao na siku zilizopotea kimya nyumbani si kitu kimoja.

Na anaweza kuacha. Mwili ni wake, sitakuambia umfunge kamba. Ila aache akiwa amejua mambo mawili. Mara 19 kati ya 35 hazimpi zaidi ya nusu ya uponyaji. Kwa kawaida dozi pungufu huiacha saratani ikiwa na nguvu ya kurudi. Na kuacha Jumatatu hakumpi mdomo mzuri Jumanne, kwani vidonda huendelea wiki moja au mbili baada ya mionzi ya mwisho kabla ya kuanza kupona. Kama amepiga hesabu ya kupumzika mara moja, hesabu hiyo ina kasoro, na ni haki yake kuijua kabla hajatia saini.

Kuhusu ulimi wake sitakupamba. Ladha kwa wengi huanza kurudi miezi michache baada ya tiba, si lazima yote. Mate huchelewa zaidi na yanaweza yasirudi kama zamani. Hajakuambia, lakini mpishi anayeonja msumari kwenye uji lazima amejiuliza atakuwa nani mionzi ikiisha. Wale vijana wanne wameonja kwa mwiko wake miaka mingapi? Sisemi umfariji kwa hilo. Nasema huenda ndilo analolala nalo kwenye mkeka.

Binti sasa. Amekuomba usimwambie, nawe umelichukua kama amana. Nakuuliza, siri ipi hasa? Kwamba baba anataka kuacha, hiyo ni yake kuitoa. Kwamba baba ana maumivu makali na mama amezidiwa, hiyo ni yako pia, na unaweza kuisema leo jioni bila kuvunja neno lake. Hatari ipo: atapanda basi usiku huohuo, na baba atajua umesema kitu. Ukinyamaza, hatari ni siku atakayogundua, kwa sababu atahesabu zile simu za jioni moja moja. Kiwanja kisiwe hoja ya upande wowote. Hakukiuza amkopeshe baba yake, na baba hadaiwi mionzi 16.

Wifi yako usimsahihishe jikoni kwake. Mwombe akusindikize kliniki, kisha mbele yake muulize nesi kama mgonjwa wa mionzi ya mashine anaweza kula na wajukuu sahani moja. Ataambiwa mionzi hiyo haibaki mwilini, mashine ikizimwa imekwisha. Akilisikia kwa aliyevaa sare, atairudisha sahani kabatini mwenyewe, na heshima yake itabaki. Tambuu alivyoitupa peke yake nimempenda, ila mdomo mkavu huirudisha hamu, hivyo macho yako yawe hapo pia.

Usiku wa leo mchanganyie maji ya soda, mpelekee kwenye mkeka pamoja na lile daftari la oda. Kaa naye chini. Muulize ni kitu gani kikipungua ndipo ataweza kurudi kulala kitandani, kisha mwachie kalamu.